Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Tangu tuliporudi kutoka Uingereza mwezi wa Septemba 2024, wengi wenu mmetuuliza habari za safari ile. Mmoja ataka kujua ukubwa wa London, mwingine habari za magari ya moshi yapitayo chini ya ardhi. Hayo yamekwisha elezwa na wengi, tena kwa ufundi kuliko sisi. Mwezi huu twataka kuwaeleza jambo lililo dogo machoni, lakini ndilo lililokaa moyoni mwetu hata leo: habari za nyumba tulizolala huko mashambani.

Tulikuwa wawili njiani, mwandishi wa ukurasa huu na mwalimu mwenzetu. Tulitembea kaskazini ya nchi ile siku zisizopungua kumi.

Kwanza sharti tueleze nyumba zenyewe. Mtu apitapo vijijini huko, huona langoni kibao kidogo chenye herufi ya B mara mbili. Maana yake ni kitanda na chakula cha asubuhi. Nyumba hiyo si hoteli. Ni nyumba ya watu, wenyewe wanakaa humo pamoja na watoto wao na mbwa wao, na kwa kuwa wana vyumba viwili au vitatu vya ziada, huvikodisha kwa wapita njia. Mgeni hupokewa alasiri, yapata saa kumi. Hupewa chumba na ufunguo, hulala, na asubuhi huandaliwa chakula kingi. Kisha hulipa, naye huondoka kabla ya saa nne. Cha jioni hapewi, ila huelekezwa mahali pa kula. Sisi kwa chumba cha watu wawili tulilipa pauni 80 na zaidi kila usiku. Wenye nyumba nao wana sheria zao. Imewapasa kuangalia sana hatari ya moto, na jiko lao hukaguliwa na maofisa wa wilaya, ambao huwapa alama ya usafi kuanzia 0 hata 5.

Twasema kweli, jambo hili lilitutia mashaka tangu mwanzo. Kwetu sisi mgeni hauziwi kitanda. Ni kweli twasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini jembe lile si malipo, ni kumfanya mgeni awe mtu wa nyumbani. Mwenzetu akanena, "Ukarimu ukiuzwa, si ukarimu tena, ni bidhaa." Hatukuwa na jibu. Tukalichukua neno lake pamoja na mizigo yetu.

Nyumba ya kisiwani

Nyumba ya kwanza ilikuwa katika kisiwa cha Lindisfarne, mbele ya pwani ya Northumberland. Ni mahali pa zamani sana. Mtawa Aidan alifika hapo mwaka 635 akitoka kisiwa cha Iona, akaanzisha nyumba ya watawa. Na mwaka 793 maharamia wa nchi za kaskazini waliivamia na kuiteka nyara. Leo wenyeji wa kisiwa hawafiki mia mbili. Barabara ya kwenda huko, iliyomalizika mwaka 1954, yapita katika mchanga wa bahari. Maji yakipwa, motokaa hupita; yakijaa, barabara hufunikwa, na kisiwa hutengwa na bara mara mbili kila mchana na usiku.

Ninyi wasomaji wetu wa pwani hamna haja ya kufundishwa habari za bamvua na maji mafu. Lakini wageni wengi waendao huko hawana elimu hiyo. Saa za maji zimeandikwa penye kibao kando ya barabara, nao hupita bila kusoma, hata bahari ikawakuta katikati. Kwa ajili ya watu kama hao pamejengwa kibanda juu ya miguu mirefu, mtu apande akae humo, aitazame motokaa yake ikiingia maji.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mzee, mjane wa mvuvi. Kabla hatujafika alikuwa amekwisha tupigia simu mara mbili kutuonya saa ya maji. Tulipofika alituvua makoti yaliyolowa, akatuonyesha pa kuweka viatu, akatuletea chai. Mchana njia za kisiwa zilijaa watu wa matembezi. Saa ya maji ilipokaribia wakaondoka wote pamoja kama kundi la ndege. Jua likatua yapata saa moja na nusu, na kisiwa kikanyamaza. Ndipo tukasikia sauti mbali baharini, kama watu wazima waliao. Mwenzetu akasimama. Yule bibi akatwambia, "Msiogope, hao ni sili walio juu ya fungu la mchanga. Mume wangu alikuwa akisema wanaimba. Mimi nasema wananung'unika."

Sili ni mnyama wa baharini mwenye manyoya, mkubwa, afananaye kidogo na mbwa usoni.

Chumbani tulikuta sinia yenye birika la umeme, vikombe, chai, maziwa na biskuti, mgeni ajipikie chai saa yo yote apendayo. Hayo tuliyafurahia. Lakini tulipoingia kitandani, miguu ya mwenzetu iligusa kitu cha moto kilicholala chini ya blanketi, naye akaruka nje akidhani ni paka. Kumbe ni chupa ya mpira iliyojazwa maji ya moto, yule bibi aliyoiweka kwa ajili ya baridi. Asubuhi alisikia habari hiyo akacheka hata akafuta machozi.

Chakula cha asubuhi huko si jambo la mzaha. Mbele ya kila mtu paliwekwa sahani yenye mayai, nyama ya nguruwe iliyokaangwa, soseji, nyanya, uyoga, maharagwe, na kipande cheusi cha mviringo; kisha mkate uliokaushwa motoni, na jamu ya machungwa. Tulikiuliza kile kipande cheusi ni nini, tukaambiwa ni soseji ya damu. Mwenzetu, aliyelelewa katika nyumba isiyokula damu, akaweka uma chini, asijue la kusema. Yule bibi hakuuliza sababu wala hakukasirika. Akakiondoa, akaleta yai la pili. Na siku iliyofuata, pasipo kukumbushwa, kipande kile hakikuonekana tena.

Mwenzetu alisema njiani, "Hakulipwa kwa kukumbuka." Tukaliweka neno hilo karibu na lile la kwanza.

Nyumba ya ukutani

Kutoka kisiwani tulikwenda kusini na magharibi hata Ukuta wa Hadriano. Ukuta huu ulianza kujengwa mwaka 122 kwa amri ya Kaisari Hadriano wa Rumi, ukaenda toka bahari hata bahari, kilometa 117 hivi, mpakani mwa nchi aliyoitawala. Basi lipitalo njia ile limepewa namba ya mwaka huo, AD122, na watoto wa shule hujifunza tarehe kwa kulingojea kituoni.

Tulilala kwa mume na mke, wote wawili waalimu wastaafu. Nyumba yao ni ya mawe mazito, nao walituambia kwamba mawe hayo, kama ya nyumba nyingi za mashamba ya pale, yalichukuliwa katika ukuta wenyewe karne nyingi zilizopita. Basi tukafikiri: mawe yaliyochongwa ili kulinda mpaka, leo yanawalaza wageni.

Jioni walitukaribisha kuketi nao penye moto. Walipojua ya kuwa sisi nasi ni waalimu, maswali yao hayakuisha. Darasa lenu lina watoto wangapi? Vitabu hupatikanaje? Mtoto akija bila kula, mwafanyaje? Tukajibu kwa uaminifu, nao wakatueleza taabu zao: shule ndogo za vijijini hufungwa kwa uchache wa watoto, maana vijana hawawezi kununua nyumba mahali walipozaliwa. Hatukujua kwamba shule yaweza kufa kwa kukosa watoto, sisi ambao watoto wetu huketi watatu watatu katika dawati moja.

Asubuhi walitupeleka Vindolanda, ngome ya Warumi iliyo karibu na ukuta. Huko tangu mwaka 1973 wachimbaji wameona katika udongo wenye maji vibao vyembamba vya mti, vilivyoandikwa kwa wino. Kimojawapo ni barua ya mwaka 100 hivi. Mwanamke aitwaye Claudia Severa, mke wa ofisa wa ngome nyingine, amwandikia rafiki yake Sulpicia Lepidina kumwalika katika sikukuu ya kuzaliwa kwake, tarehe 11 Septemba. Barua imeandikwa na karani, lakini mwishoni Claudia ameongeza salamu kwa mkono wake mwenyewe, nazo ni katika maandishi ya Kilatini ya mkono wa mwanamke yaliyo ya kale kuliko yote yajulikanayo. Siku tuliyofika ilikuwa katika mwezi ule ule wa Septemba. Miaka elfu moja na mia tisa imepita, ufalme wenyewe umekwisha, na neno lililobaki ni mwaliko wa mwanamke kwa rafiki yake: njoo kwangu.

Mlango uliofungwa

Siku ya sita tulipita Burgh by Sands, kijiji kilicho karibu na mji wa Carlisle. Katika karne ya 3 palikuwa na ngome ya ukuta iitwayo Aballava, na walinzi wake walikuwa kikosi cha Wamauri, askari kutoka Afrika ya kaskazini. Jiwe lenye maandishi yanayokitaja kikosi hicho lilionekana mwaka 1934 katika kijiji jirani cha Beaumont. Twalisimama pale katika upepo tukiwafikiri Waafrika wale waliokaa katika baridi ile kabla ya kuwako jina la Uingereza. Tulitoka pale tumenyoosha mabega.

Jioni ile mabega yetu yalishuka.

Tulifika katika mji mdogo ambao hatutautaja jina, wala nyumba hatutaitaja. Mvua ilikuwa ikinyesha. Tulikuwa tumekwisha agiza chumba kwa njia ya intaneti, na jibu la kukubaliwa tulikuwa nalo katika simu. Tulipobisha, mlango ulifunguliwa na mtu mmoja. Akatutazama, akaitazama mizigo yetu, akasema pametokea kosa, chumba kimechukuliwa. Tukamwonyesha maandishi. Akasema ni makosa ya mashine, fedha zetu zitarudishwa, akafunga mlango. Dirishani kibao kilikuwa bado kinasema nafasi iko.

Wasomaji wetu, hatujui moyo wa mtu yule. Yawezekana palikuwa na kosa kweli, na kibao kilisahauliwa. Fedha zilirudi, kama alivyosema. Lakini mtu mweusi asimamapo nje ya mlango uliofungwa katika nchi ile, habari za zamani humjia zenyewe. Mwaka 1943 Learie Constantine, mchezaji mashuhuri wa kriketi kutoka Trinidad, alikuwa ameagiza nafasi ya siku nne katika hoteli moja ya London kwa ajili yake na jamaa yake. Alipofika akaambiwa kwamba atalala usiku mmoja tu, kwa sababu ya wageni wengine wasiopenda rangi yake. Akaenda mahakamani, na mwaka 1944 akashinda. Hata hivyo kwa miaka mingi baadaye matangazo yalionekana katika madirisha ya nyumba za kupanga kwamba watu weusi hawapokewi. Sheria ya mwaka 1965 ilianza kukataza ubaguzi wa namna hiyo, ya mwaka 1968 ikaongeza nguvu, na siku hizi sheria ya mwaka 2010 yakataza kabisa. Ila sheria haina macho ya kuona yaliyo ndani ya neno "kosa la mashine."

Mwenzetu akasema kwa uchungu, "Niliwaambia, ni bidhaa. Na leo mwenye duka hataki kutuuzia."

Tulisimama chini ya kibaraza cha duka la mkate lililokuwa likifungwa. Mama mwenye duka alitoka na funguo zake mkononi, akatuuliza kama tumepotea. Tukamweleza kwa kifupi, pasipo kumsema mtu. Hakuuliza zaidi. Akafungua tena mlango wake, akatuketisha, akapiga simu mahali pawili watatu, na kila mahali pamejaa. Mwisho akampigia dada yake mwenye shamba bondeni, tukasikia akisema, "Najua umejaa. Nakuuliza una wapi pa kuwaweka, sikuulizi kama umejaa." Akatugeukia akasema, "Shemeji yangu anakuja. Mvua ya leo si ya mtu kusimama nje."

Baada ya muda wa saa moja mzee mmoja akafika na gari la shamba lenye harufu ya kondoo. Mbwa alikuwa ameketi mbele, akaamriwa aende nyuma, akatii kwa shingo upande. Njia nzima mzee yule hakusema maneno kumi.

Nyumba ya bondeni

Shamba lao liko katika mabonde ya milima ya Cumbria, upande wa Keswick. Huko mvua si habari: Seathwaite, kijiji cha bonde la Borrowdale, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, na husemwa kuwa hakuna mahali pakaliwapo na watu katika Uingereza panapopata mvua zaidi. Mama wa nyumba alitupokea mlangoni. Vyumba vya wageni vilikuwa vimejaa kweli, basi akatupa chumba cha mwanawe aliye masomoni, chenye picha za wachezaji wa mpira ukutani. Na ingawa desturi ya nyumba hizo si kuandaa chakula cha jioni, akatuwekea mchuzi mzito wa nyama ya kondoo na mkate, akaketi karibu mpaka tulipokwisha kula.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Yule mzee asiyesema maneno kumi alitupeleka kuona kondoo wake, na huko mlimani ulimi wake ukafunguka. Kondoo wao huitwa Herdwick. Huzaliwa weusi, na kadiri wakuavyo hugeuka kuwa wa kijivu, uso ukawa mweupe. Milima ile haina ua wa kutenganisha makundi, walakini kila kundi hukaa katika sehemu yake. Kondoo jike hukijua kipande chake cha mlima, mwanawe hujifunza kwa kumfuata, naye atamfunza mwanawe. Elimu hiyo imepita toka mama hata mtoto kwa mamia ya miaka. Mzee akatufundisha pia jinsi wachungaji wa zamani walivyohesabu kondoo: yan, tan, tethera, ndiyo moja, mbili, tatu. Nasi tukamfundisha kwa Kiswahili, akawahesabu kondoo wake hata kumi, kisha akarudia ili ahakikishe.

Halafu akatuonyesha uwanja mmoja uliokuwa mtupu, akanyamaza tena. Habari ya uwanja ule tuliambiwa na mkewe, tulipokuwa tukinywa chai.

Mwezi wa Februari 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia katika mifugo ya nchi ile, nao haukukoma mpaka Septemba. Serikali iliamuru kuua wanyama wagonjwa, na hata wazima waliokuwa karibu nao. Waliouawa walizidi milioni 6, na hakuna wilaya iliyoumia kama Cumbria. Mizoga ilichomwa mashambani, na moshi ulionekana mbali. Njia za miguu zikafungwa, wageni wakakoma. Kondoo wa Herdwick kwa maelfu waliuawa, wengi wao wakiwa vijana walioteremshwa nyanda za chini kukaa huko majira ya baridi. Wa nyumba hii walikuwa miongoni mwao.

"Serikali ilitulipa bei ya kondoo," alisema. "Lakini kondoo aliyeujua mlima huuzwa wapi? Mume wangu alikaa jikoni wiki nyingi. Hakuwa na la kuamkia. Shamba lilikuwa kimya, na deni lilikuwa palepale. Ndipo nikasema tuweke vitanda katika vyumba viwili vya juu. Sikufanya kwa wema, nisiwadanganye. Nilifanya kwa sababu ya deni."

Akaendelea, "Njia zilipofunguliwa, mgeni wa kwanza alikuwa msafiri wa miguu aliyelowa kama ninyi jana. Asubuhi nilimpikia soseji, na kwa kuwa mkono wangu ulikuwa ukitetemeka zikaungua upande mmoja. Alikula zote. Kisha akamwuliza mume wangu habari za mlima, na mume wangu, ambaye hakuwa amesema neno la maana kwa miezi, akamjibu. Alimjibu saa nzima. Mimi nilisimama penye sinki nikaacha maji yapite bure, nisije nikawakatiza."

Tuliposikia hayo, tukamwambia kwamba kwetu kuna neno la wazee: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulikuwa tumelisema neno hilo tangu utoto, tukidhani maana yake ni kwamba mgeni akija huchinjwa kuku, na wa nyumbani nao wapate kitoweo. Maana hiyo ipo. Lakini kupona ni kupona hasa, kama mtu aponavyo ugonjwa. Yule mama akatuletea kitabu cha wageni, akataka tuliandike kwa Kiswahili, na maana yake chini. Tukaandika.

Ulipofika wakati wa kulipa, tuliweka mezani mara mbili ya bei yake, kwa ajili ya usiku ule na taabu ya njia. Akahesabu, akaturudishia nusu. Tukamsihi. Akasema, "La. Mkinipa zaidi, mtakuwa mmeninunua. Msiponipa kitu, nitashindwa kumpokea atakayekuja baada yenu. Bei ni bei. Na hayo mengine hayamo katika bei."

Mwenzetu alifungua kinywa, akakifunga. Tulipokuwa katika gari la moshi tukirudi kusini alisema, "Nilikosea. Kitanda waliuza, nacho ni haki yao kukiuza. Hayo mengine hatukuuziwa."

Na sisi je?

Tungependa kuishia hapo, maana hadithi ingekuwa nzuri. Lakini liko neno moja ambalo hatukumwambia hata mwenzetu, nasi twalisema leo kwa kuwa ukurasa huu ni wa watu wa nyumbani.

Mtu yule aliposema, "Chumba kimechukuliwa," tulishtuka kwa sababu sauti ile twalikuwa tunaijua. Ni sauti yetu wenyewe. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, jua limekwisha kuchwa, alibisha nyumbani kwetu mchuuzi wa mitumba pamoja na mtoto wake mdogo. Hawakuwa watu wa kwetu. Lafudhi yao ilikuwa ya mbali, na siku zile palikuwa na maneno mengi kijijini juu ya watu wa upande ule. Tulisimama mlangoni tukasema nyumba imejaa. Haikujaa. Mke wetu alikuwa nyuma yetu ameshika taa, naye alijua ya kuwa haikujaa. Tukawaelekeza shuleni wakalale barazani. Asubuhi tulipokwenda walikuwa wamekwisha ondoka, na penye sakafu palikuwa na alama ya maji mahali mtoto alipolala.

Kwa nini mtu yule wa Uingereza alitufungia, hatujui, wala hatutajua. Kwa nini sisi tulifunga, twajua sana.

Basi tulipofika nyumbani tulimweleza mke wetu yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yule mtoto alikuwa na viatu vya mpira, kimoja chekundu kimoja cha buluu." Miaka yote alikuwa akikumbuka, wala hakutusema. Kisha akaenda katika chumba tulichokuwa tukiweka magunia, akaanza kuyatoa. Siku hizi chumba kile kina kitanda, chandarua, taa, mtungi wa maji na kikombe. Wameisha lala watu wanne. Mmoja alikoroma hata jirani wakasikia, na mmoja alituachia ndizi mkungu mzima.

Hatuwaambii, wasomaji wetu, kwamba kila nyumba iwe na chumba cha wageni. Wengine wenu mna watoto sita katika vyumba viwili. Wala hatusemi kwamba ni vibaya kutoza fedha. Ninyi mkaao karibu na barabara kuu au kando ya ziwa, mkiwa na chumba cha ziada, kukipangisha kwa wasafiri kwa bei ya haki ni kazi njema, na yaweza kumsomesha mtoto. Twasema hili tu: wekeni bei kwa kitanda, na wazi, mgeni aijue kabla hajavua viatu, na hayo mengine msiyatoze. Tena mkiwa hamna nafasi, semeni kweli, kisha mfanye kama yule mama wa duka la mkate, mtafute ni nani aliye nayo.

Na ikiwa yuko msomaji ajuaye habari za mchuuzi wa mitumba aliyepita kwetu katika mvua zile, akiwa na mtoto mwenye viatu vya rangi mbili, tafadhali amwambie kwamba nyumba ina nafasi.

Kwaherini mpaka mwezi ujao.